Tuipe Maabara Siku Mbili

Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, waliugua homa wasiyoijua. Kichwa kinauma, mwili umelegea, wengine damu inawatoka puani. Hadi Wizara ya Afya inalitolea taarifa jambo hilo, walioripotiwa kuugua walikuwa 20, na watatu kati yao walikuwa wameshafariki.

Unaikumbuka hofu ya siku zile? Wagonjwa walipimwa Ebola, hawakukutwa nayo. Wakapimwa Marburg, hakuna. Uviko-19, hakuna. Ndipo maabara ikatoa jibu: homa ya mgunda. Ni ugonjwa wa bakteria aitwaye leptospira, anayetoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine na kumwingia mtu kupitia maji, udongo au chakula kilichochafuliwa. Hutibika kwa antibiotiki za kawaida, mgonjwa akiwahi.

Dawa ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kujua tunapambana na nani.

Wananchi wenzangu, nimeanza na Ruangwa kwa sababu kila siku, majumbani mwetu, tunapata homa zetu ndogondogo zisizojulikana, wala hakuna waziri anayezitangaza. Mtu anasikia baridi, anaungua akienda haja ndogo, au kidonda hakikauki. Anapita duka la dawa, anapewa vidonge, anameza. Akipona, vizuri. Asipopona, anabadilishiwa vingine. Nani kati yetu hajapita njia hiyo?

Ombi langu ni moja, na nalisema mapema ili usihangaike kulitafuta: kabla hujameza dawa ya kuua bakteria, mpe mtaalamu wa maabara nafasi ya kumwona huyo bakteria. Nafasi hiyo mara nyingi ni siku mbili. Wakati mwingine tatu.

Najua siku mbili ni nyingi kwa mtu mwenye maumivu, kwa hiyo tuelewane vizuri hapa. Mgonjwa aliyezidiwa hasubiri. Mtoto mchanga mwenye homa au aliyeacha kunyonya, mtu anayepumua kwa shida, aliyechanganyikiwa, mwenye degedege, mjamzito mwenye homa: hawa wapelekwe hospitali saa hiyohiyo. Huko damu huchukuliwa kwa ajili ya kipimo na dawa huanza papo hapo. Majibu yakitoka, daktari anaibadilisha dawa ikibidi. Wanaoweza kusubiri, na ni wengi, ndio ninaowaomba wasubiri. Kwa wote lakini, pale hali inaporuhusu, sampuli itangulie dawa.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu homa haina sura. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kwa mtazamo wa awali, wagonjwa 528 waliandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vya kina vilipofanyika, waliokuwa wakiugua kwa sababu ya malaria walikuwa 14 tu. Wagonjwa 85 walikuwa na bakteria ndani ya damu. Wengine walikuwa na homa ya mgunda, ileile ya Ruangwa. Wengine walikuwa na maambukizi ya brusela, ambayo mtu anaweza kuyapata kwa kunywa maziwa mabichi.

Madaktari wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitazama mgonjwa anayetetemeka, kwenye nchi yenye malaria, na jicho la mtu haliwezi kuona kilichomo ndani ya damu. Hata daktari hodari anahitaji msaada wa maabara.

Sasa, huko maabara kunafanyika nini hasa? Wengi wetu tunaijua kama dirisha dogo. Unatoa kikopo, unarudi kwenye benchi, baadaye unaitwa jina. Naomba tuingie ndani kidogo, maana ukishaiona kazi ile huwezi tena kuona siku mbili ni nyingi.

Tuchukue mkojo, kwa sababu UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, limekuwa neno la kila siku kwetu. Mtaalamu anachovya ndani ya kikopo chako kijiti chenye kitundu cha duara kwenye ncha. Kitundu hicho hubeba kiasi kimoja kila mara: sehemu moja ya elfu ya mililita. Tone hilo, ambalo kwa macho huoni kama ni kitu, analipaka juu ya chakula cha bakteria kilichogandishwa kwenye kisahani chenye mfuniko. Kisahani kinaingia kwenye kabati la joto, nyuzi 35 hadi 37, sawa na joto la mwili wako. Kinalala humo.

Bakteria aina ya E. koli, ambaye ndiye msababishi mkuu wa UTI, akipata chakula na joto anaweza kujigawa kuwa wawili kwa muda wa dakika 20 hivi. Wawili wanakuwa wanne, wanne wanakuwa wanane. Kesho yake asubuhi, kila bakteria aliyetua peke yake juu ya kile chakula ameshakuwa kidoa cha mviringo unachoweza kukiona kwa macho. Kwenye aina moja ya chakula inayotumika sana kwa mkojo, chenye rangi ya samawati iliyoelekea kijani, vidoa vya E. koli huwa vya njano na hugeuza hata eneo linalovizunguka kuwa njano.

Mtaalamu anahesabu vidoa. Kwa kuwa alianza na sehemu ya elfu ya mililita, kila kidoa kinasimama badala ya bakteria elfu moja katika mililita moja ya mkojo. Vidoa 100 ni sawa na bakteria laki moja. Kiwango hicho cha laki moja ndicho kilichozoeleka kwa miaka mingi kama ishara ya maambukizi ya kweli, ingawa kwa mgonjwa mwenye dalili hata idadi ndogo zaidi inaweza kuwa na maana.

Kazi haijaisha. Sasa amemwona bakteria, bado hajajua dawa ipi itamuua. Anachukua vidoa hivyo, anavisambaza sawasawa kwenye kisahani kingine, kisha anaweka juu yake vipande vya karatasi nyeupe, vidogo, vya duara, vyenye upana wa milimita sita. Kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kisahani kinarudi kwenye joto kulala usiku wa pili.

Asubuhi inayofuata anakitoa. Dawa inayofanya kazi imejichorea uwanja mtupu kuzunguka karatasi yake, bakteria hawakuota. Dawa iliyoshindwa, bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi, wengine wameigusa kabisa. Mtaalamu anachukua rula na kupima kila uwanja kwa milimita, analinganisha na jedwali, anaandika. Karatasi moja ya majibu, dawa kadhaa, na kila dawa na jibu lake.

Hizo ndizo siku mbili ninazokuombea. Bakteria hahimizwi na mtu. Anaota kwa kasi yake, na yule wa kifua kikuu huchukua wiki kadhaa. Unadhani mtu anayemaliza kazi ya namna hii anafurahi akisikia mgonjwa hakurudi kuchukua majibu?

Ujuzi huu una historia, na sehemu yake iko kwetu. Robert Koch, yule daktari wa Kijerumani aliyetangaza bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, alifika mwenyewe katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliichunguza homa ya papasi. Alionyesha kwamba bakteria wake hubebwa na papasi wanaojificha kwenye udongo wa sakafu za vibanda, na kwamba papasi jike huwarithisha hata mayai yake. Wenyeji walikwishajua kuwa papasi huleta homa. Darubini ilionyesha anailetaje.

Na kile chakula kilichogandishwa? Wazo lake lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa daktari aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Koch, ndiye aliyependekeza mwaka 1881 watumie agari, ambayo yeye aliitumia kugandishia vitu vyake vitamu, kwa sababu haiyeyuki kwenye joto la kabati. Agari hutengenezwa kwa mwani mwekundu wa baharini. Akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaolima mwani watafurahi kusikia kwamba jamaa wa mazao yao ndiye anayeshikilia bakteria kwenye maabara duniani kote. Mimi huwa naikumbuka habari ya Bibi Hesse kila nikisikia mtu akisema mambo ya sayansi ni ya wasomi peke yao.

Turudi nyumbani. Wewe na mimi tufanye nini?

Kwanza, tutoe sampuli nzuri. Hili liko mikononi mwetu kabisa na ndilo tunalolipuuza kuliko yote. Umepewa kikopo cha mkojo, ukaambiwa "mkojo wa katikati". Je, ulielezwa maana yake? Nawa mikono kwa sabuni. Jisafishe sehemu za siri kwa maji safi. Mwanamke ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Anza kukojoa chooni, acha mkojo wa mwanzo upite, kisha kinga wa katikati, na wa mwisho uache upite. Usiguse ndani ya kikopo wala ndani ya mfuniko kwa vidole.

Sababu yake ni nyepesi. Ngozi yetu ina bakteria wake wasio na shida, na mkojo wa mwanzo huwasomba. Wakiingia kikoponi wataota kwenye kisahani pamoja na yule tunayemtafuta, na mtaalamu ataona mchanganyiko asioweza kuusoma. Utaambiwa urudie, na siku zako mbili zimepotea.

Tumia kikopo cha maabara. Najua nyumbani kuna chupa nzuri ya maji au kopo la dawa uliloliosha mara tatu. Si safi kwa kiwango kinachotakiwa hapa. Na ukishakojoa, mkojo ufike maabara ndani ya saa mbili. Umekwama kwenye foleni ya Mbagala jua likiwaka na kikopo kiko kwenye mkoba? Bakteria wachache wa ngozi wanaongezeka humo humo, na hesabu inaharibika. Ni afadhali kutoa mkojo palepale hospitalini. Ikishindikana, waulize wenyewe namna ya kuutunza kwenye ubaridi.

Jambo jingine, ndugu yangu: kama umeshameza dawa, sema. Usione aibu. Hata kama ni vidonge viwili vya rangi mbili ulivyopewa na jirani jana usiku. Dawa kidogo tu inaweza kuwadhoofisha bakteria wasiote kwenye kisahani, na karatasi ikaandika hakuna maambukizi wakati ugonjwa bado umo. Mtaalamu akijua, daktari atayasoma majibu kwa uangalifu.

Tuzungumze kuhusu vidonge hivyo vya jirani. Moyo wa kusaidiana ni mzuri sana kwetu. Mtu akiugua usiku, anagongewa mlango na anapewa chochote kilichomo ndani. Naomba tuuhifadhi moyo huo kwa maji ya kunywa, uji, nauli ya bodaboda na mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Antibiotiki tuiache. Dozi ya jirani iliandikwa kwa uzito wake yeye na kwa ugonjwa wake yeye. Kumeza dawa ya mwenzio bila kujua bakteria wako ni kurusha jiwe gizani.

Ukiandikiwa dozi, imeze kwa saa na kwa siku ulizoambiwa. Ukijisikia nafuu siku ya pili, usivitenge vingine kwa ajili ya "siku mbaya". Ukiona dawa inakusumbua tumbo au kukuwasha mwili, rudi kwa aliyekuandikia kabla hujaacha. Na kama mafua yamekubana, koo linakereketa, pua inatiririka, basi aghalabu kazi hiyo ni ya virusi. Antibiotiki haiui virusi. Kuhara kwa watoto wadogo mara nyingi pia ni virusi, na kinachookoa mtoto ni maji ya ORS pamoja na vidonge vya zinki. Mama, kama hujui kipi ni kipi, uliza. Hakuna swali dogo penye afya ya mtoto.

Kwa nini tunahofia matumizi ya ovyo? Katika kundi la bakteria, mara nyingi wapo wachache waliozaliwa na uwezo wa kuihimili dawa fulani. Dawa ikipita inaua wale dhaifu, na wale wachache wanabaki na nafasi yote ni yao. Wanazaana. Tena bakteria wana tabia ya kupeana vinasaba, hata kati ya aina mbalimbali, hivyo ujuzi wa kuihimili dawa unahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Wataalamu wetu wameuita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kwa kifupi. Katika mwaka 2019 pekee, vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria.

Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, aliliona hili mapema. Alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alieleza hofu yake kwamba siku itafika dawa ile itauzwa madukani, mtu ataimeza kidogo kuliko inavyotakiwa, na bakteria watajifunza kuistahimili. Ni miaka mingapi imepita? Na maduka yako mtaani kwetu.

Naomba niseme nanyi mnaosimama nyuma ya kaunta za maduka ya dawa. Ninyi ni daktari wa kwanza wa Watanzania wengi. Tangu mpango wa duka la dawa muhimu uanze mkoani Ruvuma mwaka 2003, vijiji ambavyo vilikuwa mbali na huduma vimepata mtu aliyefunzwa na dawa iliyohifadhiwa vizuri. Hilo ni jambo kubwa.

Ninajua pia hali inayowakuta. Anakuja mteja na shilingi elfu mbili, anataka kidonge cha jina fulani, nusu dozi, na ukimkatalia anavuka barabara kwenda kwa mwenzako. Utamwambiaje? Jaribu hivi: muulize ana dalili gani na tangu lini. Muulize kama amepima. Kama ni jambo la maabara, mwandikie kwenye kipande cha karatasi jina la kituo cha afya kilicho karibu, umwambie aanzie huko na arudi kwako na cheti. Wengi watarudi, maana mtu hamsahau aliyemshauri vizuri. Na mwenye duka, mpe kijana wako ruhusa ya kusema hapana bila kuogopa kwamba mauzo ya jioni yatamponza.

Na sisi wateja tumsaidie. Tusimbane kijana wa watu atupe tunachotaka.

Wafugaji nao wana nafasi yao. Unapoona kuku wawili wamezubaa bandani, mkono unakimbilia kwenye pakiti ya OTC na kuichanganya kwenye maji ya banda zima. Nakuelewa, mtaji wako uko pale. Lakini ile ni antibiotiki, oksitetrasaiklini, ya ukoo mmoja na dawa tunazomeza sisi. Mwite mtaalamu wa mifugo aangalie kwanza. Pengine ni kideri, ambacho ni cha virusi na kinga yake ni chanjo. Ukitumia dawa, soma kwenye pakiti muda wa kusubiri kabla ya kuuza nyama au mayai, uuheshimu. Trei ya mayai unayoiuza leo inakwenda kwenye meza ya mtoto wa mtu. Na maziwa, ya ng'ombe au ya mbuzi, tuyachemshe. Brusela hufa kwenye moto.

Nyumbani, sabuni na maji yanayotiririka ndiyo dawa isiyozaa usugu kwa antibiotiki. Kibuyu chirizi kilichotundikwa karibu na choo hugharimu dumu la zamani, kamba na vijiti. Watoto hukipenda kwa sababu wanakikanyaga wenyewe. Kwenye kila kaya ninayoiona nacho, ni watoto wanaowakumbusha wakubwa.

Ndugu zangu wahudumu wa wodini, ninyi mnalijua hili kuliko mimi. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari na wanafunzi wake waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi. Mwezi Aprili mwaka huo, kabla ya agizo, karibu akina mama 18 katika kila 100 waliojifungua kwenye wodi yake walikuwa wakifa. Kufikia Juni walikuwa wamebaki wawili hivi. Hakuna aliyekuwa amemwona bado bakteria anayesababisha homa ile ya uzazi. Ninyi mnanawa mara nyingi kwa siku hadi ngozi inakauka, na tunaoletwa wodini hatuoni, hatushukuru. Leo nawashukuru. Na bomba likikauka au sabuni ikiisha, semeni kwa uongozi bila kusita, nasi tunaokuja kutazama wagonjwa tunawe kabla ya kuwashika mkono.

Waajiri, je? Mfanyakazi akikuomba nusu siku kwenda kutoa sampuli, na nusu nyingine baada ya siku mbili kufuata majibu, mpe kwa roho safi. Asipopewa atapita dukani jioni na kubahatisha, na wiki ijayo atakuwa kitandani.

Wenyeviti wa mitaa, madiwani, wajumbe wa kamati za vituo vya afya: mnapokaa kwenye vikao vya bajeti, ulizeni kuhusu maabara. Majengo ya wodi huonekana na huzinduliwa. Maabara ya kuotesha bakteria inahitaji vitu vya kimyakimya: umeme usiokatika usiku, friji, vile vipande vya karatasi vyenye dawa visivyopitwa na wakati, na mtaalamu aliyefunzwa. Kwa maoni yangu, hospitali ya wilaya isiyoweza kuotesha damu ya mtoto mwenye homa bado haijakamilika, hata ikiwa na paa jipya.

Nasema hivyo kwa uzito. Watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa hospitali ya Muhimbili, na matokeo yao yalitoka mwaka 2007. Kati ya mara 1,828 ambazo watoto walilazwa, mara 255 kipimo cha damu kilithibitisha maambukizi ndani ya damu. Waliokuwa na kundi la bakteria linaloitwa gramu hasi walifariki kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya waliokuwa na malaria. Na mtoto ambaye bakteria wake walikuwa sugu kwa dawa aliyopewa alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Kila mmoja wa watoto hao alikuwa na mama aliyekaa pembeni ya kitanda. Dawa sahihi ya watoto wetu inajulikana kwa kile kisahani cha agari.

Chanjo nazo zinatupunguzia mzigo huu. Ile ya nimonia, iliyoingia kwenye ratiba yetu mwanzoni mwa 2013, na ile ya pamoja inayojumuisha kinga dhidi ya bakteria aitwaye Hib, zinazuia bakteria kabla hata hajahitaji kutafutwa. Kadi ya kliniki ya mtoto wako imejaa? Itazame leo jioni.

Basi tuseme umefanya yote. Umetoa sampuli nzuri, umesubiri, umerudi dirishani, umepewa karatasi. Itazame. Juu kuna jina la bakteria, kama aliota. Chini kuna orodha ya majina ya dawa, na mbele ya kila moja kuna herufi. S ina maana dawa hiyo inamweza. R ina maana bakteria ni sugu kwayo. Ukiona I, ni ya daktari kuamua, maana huenda ikafaa kwa kiwango kikubwa zaidi.

Usiende nayo dukani kuchagua mwenyewe kwenye S. Irudishe kwa daktari, kwa sababu kati ya zile zinazofanya kazi iko inayomfaa mjamzito na isiyomfaa, iko ya vidonge na iko ya sindano, na iko ile ambayo tunapaswa kuiweka akiba kwa wagonjwa mahututi. Akishakuandikia, omba ubaki na karatasi au nakala yake. Ipige picha kwa simu, kisha uiweke pamoja na kadi yako ya bima au daftari la kliniki. Ukiugua tena mwakani, daktari mwingine, hata wa mkoa mwingine, atataka kujua ni bakteria gani aliota mara ya kwanza na ni dawa zipi zilishindwa.